Ionyeshe Kabla Haijakamilika

Nakumbuka msimu mmoja wa mvua ambao swali moja liliniondolea usingizi: je, wakigundua kwamba sijui? Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya uhandisi wa programu, nimepewa kazi yangu ya kwanza, na kila nilipolala swali hilo lililala nami. Mwanangu unayeanza kazi hii ya uhandisi, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe sijazeeka. Aliyetangulia hatua moja anaweza kumwonyesha mwenzake lilipo shimo.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kituo cha uzazi kule mtaa wa Naviundu kilitaka programu ya kuwatumia akina mama wajawazito ujumbe wa simu, kuwakumbusha siku ya kupimwa. Wengi walikuwa wakisahau, na wengine walifika hatari ikiwa imeshakuwa kubwa. Mimi nikajifungia katika chumba nilichopanga mtaa wa Bel-Air. Niliandika, nikafuta, nikaandika upya. Itakuwaje vituo vingi vikiitaka? Itakuwaje umeme ukikatika katikati ya ujumbe? Umeme ulikatika kweli, nikakaa gizani nikiendelea kuwaza. Wenzangu waliponipigia simu sikupokea, nikihofia wataniuliza nimefika wapi. Jumapili nilisikia majirani wakicheka uani, wakila bukari, ugali wetu, pamoja, nami nikatafuna mkate mbele ya kompyuta. Upweke ule, mwanangu, hakuna aliyenitupia. Niliujenga mwenyewe, tofali juu ya tofali.

Mchana mmoja mkuu wetu wa kazi, Mzee Ramazani, mtoto wa fundi cherehani kutoka Maniema, aliniita ofisini.

"Programu iko wapi?"

"Iko karibu kuisha, papa," nilijibu, nikimwita baba kwa heshima.

"Tangu mvua ya kwanza iko karibu. Mama Ngalula wa maternité, kile kituo cha uzazi, amenipigia tena. Ijumaa asipoona kitu, kazi nitampa mwingine. Unaogopa nini?"

"Bantu batanicheka, papa. Haiko muzuri bado."

Alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Baba yangu alikuwa anapiga nguo bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, kisha anamuvalisha muteja. Nguo mbaya, uzi unaning'inia. Hakuna aliyemucheka. Wewe unashona suti ya muntu hujamupima hata mabega." Akavaa miwani yake. "Mficha uchi hazai. Na huyu anayekungoja iko muzalishaji, ameona mengi."

Nilitoka nikitafuta maneno ya kumwomba wiki nyingine. Kwenye kituo cha basi niliyaandika katika simu, nikayasoma, nikayafuta. Kisha nikapanda gari la Naviundu, kompyuta mapajani.

Mama Ngalula, muuguzi mkuu wa kituo, alisoma ujumbe wangu, niliouandika kwa Kifaransa, akaguna.

"Mutoto wangu, hii français ni ya tribunal, ya mahakama. Bamama watafikiri nimewashitaki. Na wengi simu ni ya bwana. Andika jina la mama, ajue iko ya nani."

Kwa kuwaza kwangu kote, hayo sikuwahi kuyawaza. Tarehe nayo ilitokea mara mbili. Aliiona, akacheka, na kicheko chake hakikuniua. Tulikaa kwenye benchi la wagonjwa, tukayaandika maneno upya kwa Kiswahili cha nyumbani, tukatuma ujumbe mmoja kwa mama mmoja wa mtaa wa Karavia ambaye hakuwa ameonekana kwa muda mrefu. Kabla sijafunga kompyuta, simu ya kituo ikalia. Alikuwa mume wa yule mama wa Karavia.

"Tunakuja kesho," alisema. "Siku ilitupotea."

Shika basi haya, mwanangu. Usipime uhandisi wako kwa saa unazokaa peke yako na kompyuta. Tengeneza kipande kidogo kinachofanya kazi, kipeleke kwa atakayekitumia, msikilize, rudi urekebishe. Ukikwama, sema siku hiyohiyo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Usingoje woga uishe. Wangu haujaisha, na bado kuna jioni ninazokula peke yangu. Lakini siku ile niliamua kwamba hakuna wiki itakayopita bila mtu mwingine kuiona kazi yangu jinsi ilivyo, na leo asubuhi nimeituma tena, ina makosa yake.

Mungu akupe watu wa kukuambia ukweli mapema, na akupe moyo wa kuwafungulia mlango.