Sailensa Niliyoitengeneza Vizuri

Watu wakinisifu kwa kazi yangu huwa nakasirika, na mke wangu amechoka kuwaeleza kwa nini. Nimechomelea mabomba ya moshi mjini Lodwar tangu nikiwa kijana, na kazi yangu nzuri kuliko zote niliifanya mara moja tu, miaka ya tisini. Natamani ningeiharibu.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la milango miwili. Lilichoka na mashindano huko kusini, likauzwa kwa mfanyabiashara mmoja wa samaki. Malori yake yalibeba samaki wakavu kutoka Kalokol hadi Kakuma, naye aliyafuata kwa gari hilo karibu kila siku, akienda asubuhi na kurudi Lodwar alasiri. Msafara wa polisi hakuungoja. Alisema gari lake lina mbio kuliko risasi, nasi tukamwacha aseme.

Sailensa ya gari hilo ilikuwa tupu. Wenye magari ya mbio hupenda hivyo. Huipasua, wakang'oa vibati vyote vya ndani, wakapitisha bomba moja lililonyooka, ili moshi utoke bila kuzuiwa na injini ipumue vizuri kwenye mwendo mkali. Faida yenyewe ni ndogo. Kinachobaki ni kelele, na ya gari lile ungeisikia ukamaliza chai yako kabla halijafika.

Watu wa barabara ya Kakuma waliitegemea kelele hiyo. Magari mengine hayakusimama kumchukua mtu, kwa hofu ya majambazi, na mtu naye hakuthubutu kukaa kando ya barabara akingoja, kwa hofu hiyo hiyo. Mfanyabiashara huyu, pamoja na majivuno yake yote, alisimama. Kwa hiyo wenye mgonjwa walijificha ndani ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, mbali kidogo na barabara. Wakisikia mngurumo wake, wanambeba mgonjwa juu ya ngozi ya ng'ombe na kupanda naye. Walifika barabarani pamoja na gari, au kabla yake. Hakuna aliyekaa kulipanga jambo hilo. Watu walizoea tu.

Dada yangu aliolewa katikati ya njia hiyo. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni kwa sababu walichelewa kufika hospitali ya Lodwar, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Nesi hakumficha: ukizalia nyumbani tena, utakufa. Alipopata mimba ya pili, mama yetu alihamia kwake, nami nikaongea na mfanyabiashara, akakubali kumchukua. Nikamwambia mama, uchungu ukianza mpelekeni laga, na mkimsikia yule mtu, mbebeni.

Mimba ilikuwa imekomaa siku ile mfanyabiashara aliponijia gereji.

"Ejok," alinisalimu, kisha akanionyesha tundu la risasi kwenye buti. "Fundi, hii sauti itaniua. Majambazi wanasikia mimi nikiwa mbali, wanapanga mawe kwa barabara, wananingoja. Nyamazisha hii kitu."

"Kabisa?"

"Kabisa. Mtu asijue nimepita."

Sitasema uongo, nilifurahi. Miaka yote nilikuwa naziba mabomba yaliyotoboka, kazi ya kuganga njaa. Sasa nilipewa nafasi ya kuonyesha ninachokijua. Kila injini inapolipua mafuta, moshi hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho sauti. Huwezi kukizuia kwa nguvu, kwa sababu ukiziba bomba injini itakufa. Unakipa vyumba. Kinaingia chumba cha kwanza kinagonga ukuta, kinarudi, kinakutana na kishindo kingine kinachokuja, na viwili hivyo vinauana. Kilichosalia unakipitisha kwenye bomba lenye matundu mengi, ukilizungushia kitu cha kukimeza.

Nilikata bati la pipa kwa ganda la nje. Nikatoboa matundu moja moja kwa kekee mpaka viganja vikatoka malengelenge. Cha kumeza sauti nilitumia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nilizozinunua kwa mwanamke mmoja mkimbizi kutoka Sudan aliyekuwa na kibanda ndani ya kambi ya Kakuma. Katikati ya kutoboa nilimkumbuka dada yangu. Nikajiambia nitapeleka habari kwamba gari litakuwa limebadilika. Kisha kekee ikakwama, nikaanza kushughulika nayo, na habari ikaishia hapo.

Siku ya kulijaribu nilipanda pia. Tulikwenda Kakuma tukiongea kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo halijawahi kutokea ndani ya gari lile. Yule mama wa kibandani alishtuka kutuona mlangoni pake.

"Nyinyi nakuja saa ngapi?" aliuliza. "Mimi hapana sikia kitu. Hii gari iko mwizi sasa?"

Tulicheka sana. Nilitembea sokoni kifua mbele, nikiwaeleza hata wasioniuliza.

Alasiri tukarudi. Tulipokaribia laga ya kwa kina shemeji, mwenye gari aliniuliza, "Na dada yako?"

Nikatazama barabara. Ilikuwa tupu mbele na kando.

"Hawajatoka," nikasema. "Siku bado."

"Basi iko sawa."

"Iko sawa."

Akaongeza mwendo, maana hapo ndipo gari lilipopigwa risasi. Mimi nikaegemea kiti, nikasikiliza kazi yangu, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.

Siku ya pili yake mama alishuka kwenye lori mbele ya gereji yangu. Alikuwa amenyoa kichwa. Nilielewa kabla hajafungua mdomo, nikaketi chini palepale kwenye vumbi la chuma.

Walikuwa ndani ya laga tangu asubuhi ile. Ngozi ilikuwa imetandikwa, wanaume wanne wamekaa tayari, dada yangu akiuliza kila mara kama kuna mtu amesikia. Alasiri mama alisikia matairi tu kwenye changarawe. Akapanda peke yake kuangalia ni gari gani, akaliona linaondoka.

"Nilikiona kichwa chako kwenye kioo cha nyuma," aliniambia. "Nikaita."

Dada yangu alikufa kabla jua halijazama, na mtoto pamoja naye.

Mama hakunilaumu. Ningeona nafuu kama angenipiga. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaniomba nimweleze nilichokiweka ndani ya lile gari. Nami, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa, nikamweleza: vyumba, vishindo vinavyokutana, bomba la matundu, nyuzi za chuma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayefundishwa.

"Basi ulitengeneza vizuri, mwanangu," akasema. "Hatukusikia kitu."