Nilivyomfasiria Mama Mkwe Picha Nisiyoiona

Chekeni mkitaka, maana hata mimi sasa nacheka, lakini kwa miaka kama mitatu mtu akitaja sinema mbele yangu nilikuwa nainuka kwenda kutafuta maji ya kunywa hata kama kiu sina. Aibu niliyoipata siku ile niliipata gizani, taa zimezimwa, lakini jumba zima lilinisikia, na mbaya zaidi niliipata mbele ya mama mkwe (au tuseme mama aliyekuwa karibu kuwa mkwe, maana hapo ndipo palipoharibika).

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa fundi cherehani Kisarawe, nashona kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, na Jumamosi ikifika nafunika cherehani mapema, nadandia basi, nateremka Dar es Salaam kutazama picha. Picha ndivyo tulivyoziita filamu. Nilikuwa mgonjwa wa mambo hayo, jamani! Santuri mpya ikitoka nimeisikia, kitabu cha hadithi kikiazimwa mji mzima mimi ndiye wa kwanza kukisoma na wa mwisho kukirudisha, na kila kitu nilikuwa na la kusema juu yake, nimeulizwa au sijaulizwa. Picha za makauboi nilizidharau, mtu ana bastola moja anaua kijiji kizima bila kuongeza risasi. Za Kimisri nilisema wanalia vizuri ila wanavuta sigara mno. Za Kihindi ndizo zilizoniweza: mtu akipenda anaimba, akiachwa anaimba, akifiwa anaimba huku mvua inamnyeshea, nami niko kiti cha mbele nalia naye kama nimefiwa mimi. Jumatatu yake watu wananiletea nguo ambazo wala hazina haraka, wanataka tu niwahadithie, miguu inakanyaga cherehani na mdomo nao haupumziki.

Basi mwaka huo nilikuwa nimepeleka posa kwa Mzee Kondo, namtaka binti yake Mwanaidi. Barua imepokelewa, jibu bado, na usingizi sina. Nanyi mnajua desturi zetu, ukishaposa, mama wa binti unamkimbia. Ukimwona anakuja njia hii unakata kichochoro, huli mbele yake, hucheki mbele yake, na ukilazimika kusema naye unainama unatazama vidole vya miguu yako. Miezi miwili mizima niliishi kwa kukata vichochoro.

Jumamosi moja ikaja picha mpya ya Kihindi iliyoutia wazimu mji wa Dar es Salaam. Nikafika, tikiti zimekwisha. Nikazungukazunguka pale nje, nikazitazama zile picha kubwa zilizobandikwa ukutani, bibi mtu mzima kajitanda ushungi mweupe, kashika bilauri ya maziwa, anamtazama mwanamwali aliyelala kitandani. Nikasikiliza nyimbo mbili tatu dirishani mpaka nikafukuzwa, nikarudi zangu Kisarawe.

Jumatatu shangazi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akihangaikia posa yangu, akanijia barazani.

"Wewe, mama yake Mwanaidi kasikia habari za hiyo picha mpya. Anauliza, inatazamika na watu wenye heshima zao? Umeiona?"

Neno moja tu, "sijaiona," lingeniokoa. Lakini mimi niseme sijaiona? Mimi, mbele ya wateja watatu?

"Nimeiona mara mbili, shangazi."

"Inahusu nini?"

Nikamkumbuka yule bibi na maziwa yake, nikaanza kutunga. Nikasema ni habari ya mama mkwe mwema asiye na mfano duniani, mkaza mwanawe ameugua, yeye halali, anamnywesha maziwa kwa mkono wake mpaka binti anapona. (Nilijiona mwerevu, kwamba picha ya kumsifu mama mkwe ikimfikia mama mkwe, posa itakwenda mbio.) Shangazi akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akaenda zake. Kesho yake akarudi anachekelea.

"Mambo yamekaa sawa! Jumamosi wanakwenda kuiona. Mama, bibi yake, na Mwanaidi mwenyewe, nami nipo. Na Mzee Kondo kasema uwapeleke wewe, uwafasirie, maana wao Kihindi hawakijui."

Kihindi nilichokijua mimi kilikuwa cha dukani, majina ya vitambaa na matusi mawili. Wiki ile sikutulia. Nilishona shati lenye mikono miwili ya kushoto. Nikamuuliza mwenye duka hiyo picha inasemaje, akaniambia yeye haendi sinema, huo ni upuuzi wa vijana, nishone. Ijumaa nikajaribu kuumwa tumbo, shangazi akanichemshia majani machungu yasiyonyweka, nikapona pale pale.

Jumamosi ikafika, ndani ya jumba la sinema tukakaa mstari mmoja. Shangazi mwisho kule, kisha mama, kisha Mwanaidi ndani ya buibui, kisha bibi, kisha mimi. Bibi hana shida, bibi ni mtani. "Mume wangu," akaniambia, "sogea hapa. Masikio yangu haya hayasikii vizuri, sema kwa nguvu." Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikasema ndiyo bibi.

Taa zikazimwa. Yule mwenye ushungi mweupe akatokea, funguo kiunoni.

"Huyo ndiye mama mkwe," nikasema. "Mwema sana."

"Nani?"

"MWEMA SANA!"

Nyuma yetu mtu akaguna. Mara yule mwema akamzaba binti wa watu kibao cha shavu.

"Mbona anampiga?"

"Anamfukuza mbu, bibi!"

Sasa kicheko kikaanza safu za nyuma, nami ningekuwa na akili ningesema nimekosea, lakini ulimi ulishazoea kwenda mbele, kurudi nyuma haujui. Likaja lile la maziwa. Yule wa ushungi mweupe akafungua kikaratasi taratibu, akamimina unga ndani ya bilauri, akakoroga huku akitazama mlangoni.

"Na hiyo nini?"

"Sukari, bibi! ANAMTILIA SUKARI!"

"Bwana wee!" mtu wa viti vya mbele akasimama kabisa. "Sukari gani? Sumu hiyo! Mwenzio sasa hivi anakufa!"

Jumba likaangua kicheko. Binti akanywa, akaanguka, watu wakaanza kumlilia, nami jasho linanitiririka ndani ya kanzu niliyoipiga pasi mara tatu.

"Kafa?" akauliza bibi.

"Kalala tu, bibi. Kachoka."

Wimbo wa msiba ukaanza, wimbo uliokuwa ukiliza Dar es Salaam nzima, na safari hii hakuna aliyelia. Wakamweka binti juu ya kuni, wakawasha. Bibi akanishika mkono, akapaza sauti mpaka mlangoni:

"Mume wangu, aliyelala usingizi mbona wanamtia moto?"

Wengine walipiga miguu chini kwa kucheka, wengine wakakasirika, "Mtoeni nje huyo!", mshika tochi akaja akanimulika usoni. Hapo nikamsikia Mwanaidi. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri, na alikuwa ananicheka mimi. Nilitamani sakafu inimeze. Mama yake hakucheka. Alitazama mbele mpaka mwisho, na njia nzima ya kurudi, kupanda vilima vya Pugu, alimshika Mwanaidi mkono.

Jumatano shangazi akaleta jibu, na barua yangu ya posa mkononi.

"Mama yake kasema hivi, 'Sina ugomvi na kijana, si mlevi, si mwizi. Lakini mtu anayeona sumu akaniambia sukari, siku mwanangu akiteseka nyumbani kwake nami nikauliza hali yake, nitaambiwa nini?'"

Nikaipokea barua yangu. Nikaikunja, nikainama kwenye cherehani.

Mwanaidi aliposwa na mkulima wa Kibaha, wakati ule Kibaha ni vibanda vichache tu kando ya barabara ya Morogoro, mtu ambaye wanasema hajawahi kuingia sinema. Na fundi wa karibu ni nani? Bibi ndiye aliyeniletea kitambaa cha gauni la harusi. Akakiweka mezani, akanitazama.

"Mume wangu, hili utalishona, au utaniambia umelishona?"

"Nitalishona, bibi."

Nikalishona, mshono mzuri kuliko yote niliyopata kushona. Niliapa siku hiyo, na kiapo nimekishika, nikiulizwa habari ya picha mpya nasema sijaiona, hata kama nimeiona mara tatu.