Nilivunja Udongo wa Mtoto Ili Niwafurahishe Wageni

Nilikosa, na sitaki mtu anitetee. Sikumwibia mtu mume. Sikumwaga damu ya mtu. Nilivunja tu kisanamu cha udongo kinachotosha kwenye kiganja. Ukisikia hivyo utacheka, hata mimi ningecheka. Lakini hebu nisikilize, kwa sababu nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu nilikuwa mwalimu wa nasari kijiji kimoja karibu na Kimilili. Darasa letu lilikuwa chumba cha mabati kando ya kanisa. Nilikuwa nimetoka kozi Kitale, na moto wangu ulikuwa unawaka kweli kweli. Kule tulifunzwa kwamba mtoto wa miaka minne hajui kitu kwa kukaririshwa a, e, i, o, u akiwa amekunja mikono. Mpe kitu ashike. Mpe rangi, mpe ngoma apige, mwache afinyange, ndipo atawajua watu wake na mambo ya kwao.

Nikafanya hivyo, tena kwa moyo wote! Tulichota udongo mtoni. Tulitwanga majani na makaa tukapata rangi. Tulifunika mikebe kwa ngozi ya mbuzi tukapata ngoma. Kila mtoto alileta wimbo mmoja wa nyumbani kwao, wa Kibukusu, wa Kisabaoti, wa Kiteso, na zote tukaimba. Wazazi wengine walininung'unikia. "Mwalimu, mtoto anarudi na matope kila siku. Si mngemfunza Kiingereza?" Sikujali.

Basi katikati ya muhula akaletwa msichana mmoja. Nitamwita Chemtai, ingawa si jina lake. Yeye na mamake walikuwa wameteremka kutoka mlimani wakati ule wa vurugu za kugombania mashamba. Walikuwa wamepanga chumba sokoni. Baba hakuwa nao. Mamake aliniambia neno moja tu, "Hatujui aliko," nami sikuuliza zaidi.

Chemtai hakuwa akiongea. Si kwamba ni bubu, la. Alisikia kila kitu, akiitwa anakuja, lakini mdomo haufunguki. Wenzake wakiimba yeye anaangalia miguu yao.

Udongo ndio uliomfungua. Siku hiyo niliwaambia watoto, "Kila mtu atengeneze kitu cha kwao nyumbani." Wengi walifinyanga ng'ombe na sufuria. Chemtai alikaa pembeni, akafinyanga polepole huku ulimi umetoka nje. Nilipofika kwake nikaona kibanda kilichoinama, na kando yake kitu kirefu kama gunzi la mahindi, kina miguu miwili isiyolingana.

Nikamuuliza, "Mbona nyumba haina paa?"

Akasema, "Iliungua."

Jamani! Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake. Nikachuchumaa. "Na huyu ni nani?"

"Ni baba. Anachunga."

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi akifika, kabla hata ya kuvua sweta, alikuwa anaenda kwenye rafu kumwangalia yule baba. Anamgeuza aangalie dirishani. Kisha anakuja kukaa na wenzake. Maneno yakaanza kutoka, moja leo, mawili kesho. Hata akaanza kuitikia nyimbo.

Unaona? Nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Halafu mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mwenye sauti kubwa, akaniita nje. "Mwarimu, Ijumaa tuko na wageni kutoka Bungoma mjini. Wanataka kuona kazi ya mikono ya watoto, mambo ya utamaduni. Wakipenda, watatujengea darasa la matofari. Usituangushe, bana."

Nikarudi darasani nikaiangalia ile rafu. Wewe! Nikaiona kwa macho ya wageni. Ng'ombe bila kichwa. Sufuria zimepasuka. Vitu vingine hata hujui ni nini. Nikaona haya. Nikajiambia, watasema huyu mwalimu anawachezesha watoto matope tu.

Siku ya soko nikaenda Kimilili nikanunua vyungu vidogo, vikapu na vibuyu vilivyopambwa, kazi safi ya watu wazima. Alhamisi, watoto walipoenda nyumbani, nikavipanga kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Kila kimoja nikakiwekea karatasi yenye jina la mtoto. Nikavipaka rangi kidogo bila mpangilio, ati vionekane ni vya watoto. Ona ujanja!

Na vile vyao? Nikavitupa kwenye ndoo ya kuloweka udongo ili nije niutumie tena. Nilipomshika yule baba wa Chemtai mkono ulisita. Nasema kweli, ulisita. Ningeweza kumweka hata mfukoni. Lakini nilikuwa nimechoka, na jua lilikuwa linateremka, na bado sijafagia. Nikamwangusha ndani pamoja na wengine, nikamwaga maji, nikakoroga kwa mti.

Ijumaa wageni walikuja na wazazi wakajaa. Watoto waliimba vizuri mno. Kisha mgeni mmoja, mama mnene mwenye uso wa upole, akaanza kuzunguka meza. Akachukua chungu kizuri kuliko vyote, akasoma jina. "Chemtai ni nani? Njoo mamangu. Hiki umekitengeneza wewe?"

Chemtai akaangalia chungu. Akaangalia rafu tupu. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje waliisikia:

"Si yangu. Baba yangu ako wapi?"

Mamake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaweka leso usoni akaanza kulia. Watu wakadhani mtoto anamtafuta babake aliyepotea. Wanawake wakamzunguka mama. Yule mgeni naye akafuta machozi.

Katika umati ule wote ni mimi peke yangu nilijua mtoto anauliza nini. Ni mimi peke yangu nilikuwa na jibu. Na unajua nilifanya nini? Nilimshika Chemtai bega nikawaambia wageni, "Pole, mtoto bado ana huzuni. Lakini chungu ni chake, ni vile anaona haya."

Mungu anirehemu! Nilimfanya mtoto yule kuwa mwongo mbele ya mamake.

Wageni walipoondoka nilimkuta amechuchumaa kando ya ndoo. Alikuwa ameingiza mkono hadi kwenye kiwiko, anapapasa chini. Nikamwambia, "Chemtai, tutatengeneza baba mwingine. Kesho, sawa?"

Akautoa mkono. Hakulia. Aliniangalia tu, kisha akajifuta kwenye nguo na kuondoka.

Hakugusa udongo tena. Nilimpa, nikamwekea mikononi, akauacha uanguke. Na ule mdomo ukafungwa kama zamani. Baada ya muda mfupi mamake alikuja darasani. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kibenchi cha watoto, magoti juu, akaniuliza, "Mwalimu, nini kilitokea hapa? Alikuwa ameanza kuniambia habari ya babake. Kila jioni ananiambia leo baba amefanya hivi, leo ameangalia huku. Nilidhani anaota, lakini nilifurahi kusikia sauti yake. Sasa amenyamaza."

Nikasema, "Watoto huwa hivyo, mama. Itapita."

Mara ya pili hiyo. Mara ya kwanza nilidanganya kwa hofu, lakini hapo sikuwa na sababu yoyote.

Muhula uliofuata hawakuwepo. Nikasikia wamehamia mahali panapoitwa Kwanza, kwa jamaa wanaolima mahindi. Darasa la matofali lilijengwa. Nilisifiwa kanisani, mwenyekiti akanishika mkono mbele ya watu. Ndani ya darasa lile nilishindwa kufundisha ufinyanzi. Nikitoa udongo, naurudisha kwenye ndoo. Nikarudia a, e, i, o, u, na wazazi wakafurahi kwamba hatimaye nimekuwa mwalimu wa maana. Mwishowe niliacha kazi nikaja Kitale kuuza nguo.

Kabla ya kuacha nilienda Kwanza kuwatafuta. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, bila kuficha hata la vyungu vya soko. Nilitaka anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

Aliendelea kupukuchua hadi gunzi likaisha. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile hakuwa akimtafuta babake kwa watu."

"Hapana. Alikuwa akiniuliza mimi."

"Na mimi nikamkemea nyumbani, mwalimu. Nilimwambia asiwahi kuniaibisha hivyo tena mbele ya wageni." Akachukua gunzi lingine. "Nilimchapa."

Chemtai mwenyewe alipita na mtungi wa maji, amekua, shingo ndefu. Mamake akamwita: "Njoo umsalimie mwalimu wako." Akaja, akanipa mkono kwa adabu, "Shikamoo." Mkono ulikuwa baridi kwa maji. Kisha akaenda jikoni. Sijui kama alinikumbuka. Mamake hakuniomba nikae kwa chai, nami nikaelewa.

Siandiki haya ili mnionee huruma. Naandika kwa walimu wa watoto wadogo, na kwa wazazi mnaofagia vitu vya watoto wenu mkidhani ni takataka. Usimpe mtoto udongo kama wewe unatafuta chungu kizuri. Chungu kizuri kiko sokoni, kanunue uende zako. Wageni watakuja na watarudi kwao. Na siku ukikuta mtoto amefinyanga kitu kibaya, kimepinda, hakina mbele wala nyuma, kabla hujakigusa usimuulize ni nini. Muulize ni nani.