Keki ya Ghorofa Saba na Kiti Kimoja

Hebu mwone Afaf, mwoka keki wa mji wetu wa Zahle, akiingia sebuleni kwa Mama Ghassan: mama mnene wa miaka sitini na tano, unga kwenye nyusi, rula ya mbao kwapani. Akakaribishwa kiti, akakataa. Afaf akikataa kukaa, ujue kimeshaanza kuchemka.

Alikuja kuuliza jambo moja tu: kila ghorofa ya keki ya harusi iwe na urefu gani?

"Shubiri moja na zaidi," akasema Mama Ghassan, mama wa bwana harusi. "Na ziwe saba. Wifi yangu alimfanyia mwanawe sita, hadi leo hatupumui kwa majigambo yake."

"Na ya kuliwa?"

Maana kwetu ghorofa moja tu ndiyo keki. Nyingine ni kadibodi iliyopakwa sukari. Hiyo moja maharusi huikata kwa upanga mrefu, ukumbi mzima ukipiga vigelegele.

"Ya juu kabisa. Kamera zitazame juu!"

Afaf akamgeukia Rindala, bibi harusi, aliyekaa pembeni mwa kochi, miguu haigusi sakafu. "Simama, mwanangu." Akampima. Ghorofa ya nne ingemfika kidevuni.

"Huko juu atafikaje?"

"Atapanda kiti. Tutakifunga utepe."

"Mama, kiti sipandi," Rindala akasema. "Shuleni kila picha walinipandisha kiti. Siku hii moja, niacheni nisimame kwa miguu yangu."

"Wee! Hujaolewa, tayari una masharti? Basi Ghassan atakata peke yake."

Afaf akaipiga rula mezani, vikombe vya kahawa vikaruka. "Bibi we, unaoza mwana au unajenga mnara? Huyu anakuja kuolewa, hajaja kuwa pambo la keki!"

"Wewe oka ulichoagizwa."

Akaoka. Siku tatu anakanda sukari kama anayemkaba mtu. Ghorofa saba, shubiri na zaidi, kama alivyoambiwa. Ila ya kuliwa akaiweka ya tatu, usawa wa kiwiko cha Rindala, akawanong'oneza maharusi tu.

Jumamosi ukumbini, kiti kilikuwepo kando ya keki, na utepe wake mweupe. Mama Ghassan akakipigapiga: "Haya, bibi harusi, panda!"

Kabla Rindala hajapiga hatua, Afaf akatoka jikoni na aproni yake, akajibwaga juu ya kile kiti.

"Ondoka hapo, mwanamke wewe!"

"Miguu inaniuma, Mama Ghassan. Siku tatu nimesimama nikikujengea mnara."

Watu wote wakawageukia. Nyuma yao upanga ukazama kwenye ghorofa ya tatu, mikono ya maharusi wote wawili imeushika, na Rindala amesimama sakafuni.

Mama Ghassan hamsalimii tena Afaf, na amewakataza jamaa zake wote kumwagiza keki. Afaf naye hadi leo akilitaja jina la mama huyo, rula inatafuta meza.

Sasa niambie, ndugu yangu: ungekuwa ukumbini siku ile, ungemwinua Afaf kwenye kiti, au ungemletea maji ya kunywa?