Kartoni ya Straton na Sidii Moja

Bwana yangu Straton hakuwe muntu wa maneno mingi. Kule Kingi watu walimujua kwa kazi moja: njo yeye alichunga vitu vya korali ya parokia. Ngoma, kanzu za waimbaji, ufunguo wa kabati. Hawakumulipa kitu. Alilima maharage kama sisi wote, na kila siku ya Mungu, siku ya misa, akafika wa kwanza kufungua mulango. Nilimuambia mara mingi kama ufunguo haupikwe mu sufuria. Alicheka tu.

Wakati vita ilifika ku kilima chetu, sekretere wa parokia alimuachia kartoni ya disketi, zile za zamani, nyeusi, za pembe ine, zenye kibati kidogo. Akamuambia: "Papa Straton, kazi yote ya korali iko mule." Sisi wenyewe tulikuwa na sidii moja. Mugeni mumoja alikamataka mule sauti za korali, na mule Umurerwa, mutoto wetu wa mwisho, anaanza wimbo peke yake. Umurerwa alikuwa amekufa na homa mwezi ule ule. Tulimuzika, lakini kilio hatukukimaliza. Tulikimbia mbele ya kukamua hata ndizi za kasiksi, ile pombe ya kumaliza kilio.

Straton alibeba kartoni ku kichwa, akaingia nayo mu pori ya Walikale. Mimi nilibeba sufuria na unga. Nikamuambia: "Weka ile kitu chini, ukamate godoro." Akajibu: "Godoro itapatikana."

Njiani tulilala kwa Papa Symphorien na bibi yake Léontine, watu wa pori wenye hatukujuana nao. Walitulisha sombe na nyama, wakatuachia kitanda yao wenyewe. Sasa, kwetu mugeni mwenye alilala kwa watu haondoke bila kuacha kitu ya kwake. Na kile ameacha hakiombe tena. Ukikiomba, umetukana nyumba. Sufuria ilikuwa moja. Straton akafungua mufuko, akatosha sidii, akamupa Symphorien kwa mikono mbili.

Nilimufinya. Tulipotembea kidogo akasema: "Usiogope, mama. Ile ni moja, tena nyepesi kama jani. Zingine nyingi ziko hapa ku kichwa. Sauti ya mutoto haiwezi kosa mu kartoni nzito hivi."

Na mimi nikaamini. Sisi watu wa kulima tunapima muzigo na shingo. Chenye kuumiza shingo njo chenye kujaa.

Kule Walikale watu walitupa kipande cha shamba. Mvua, magugu, tena mvua. Wakati tulipata ndizi za kutosha kwa kumaliza kilio, Straton akasema lazima mutoto asikike siku ile. Akabeba kartoni yake, tukaenda kwa Samy, mwenye kutengeneza telefone na kompyuta karibu ya soko.

Samy akageuza disketi moja, akapuliza vumbi. "Papa, hii ilikufa mbele mimi nizaliwe!"

"Wewe njo ulichelewa kuzaliwa," nikamujibu.

Akacheka, akatafuta mashini ya zamani yenye kinywa ya kuzikula. Zingine zilikuwa na ukungu, hazikufunguka. Zingine zilifunguka: maneno ya nyimbo, yameandikwa vizuri.

"Na sauti?" Straton akauliza.

"Sauti haiko, Papa. Haiwezi ingia. Disketi moja inabeba mega moja na kidogo. Sidii moja inabeba mega mia saba. Hii kartoni yako yote, uimwange mu sidii moja, itakuwa tu maji kidogo chini ya pipa."

"Hizi zote?"

"Zote. Kwa kujaza sidii moja, inaomba disketi karibu mia tano. Wimbo mumoja wa sidii, disketi haifike nao hata mu kiitikio."

"Na huu uzito?"

"Ni plastiki, Papa."

Straton akakaa ku kartoni. Alikuwa amechoka tangu Kingi, lakini siku ile uchovu uliingia mu mifupa. Nikasema twende tukaombe ile sidii kwa Symphorien. Akajibu: "Kuomba zawadi? Afazali nimalize kilio kinywa kikavu."

Basi nikaenda mimi. Nilifika kwa Léontine na matope mpaka kiuno. Akanipa maji ya moto, nikaoga, nikakula, nikaenda kulala na ombi langu. Mimi, mwenye sijaombaka muntu hata chumvi! Asubuhi njo nilisema: "Mama Léontine, sikuje kukamata zawadi. Lakini kilio cha mutoto wangu kingali wazi, na sauti yake iko mu nyumba yenu."

Symphorien akakohoa. "Zawadi haitembee kurudi. Kwetu pia njo vile."

Nikatafuta fimbo yangu nirudi.

"Kaa chini!" Léontine akasema. "Una kichwa nguvu kama mbuzi ya soko. Zawadi haitembee, lakini mwenye zawadi anatembea. Nitakuja nayo ku kilio, isikike, nirudi nayo. Ao kwenu munafukuza wageni?"

Akaifunga mu kitambaa ku kifua, tukashika njia.

Siku ya kilio, Samy alileta mashini na baffle ya kukuza sauti. Umurerwa akakohoa kidogo, kama alivyozoea, kisha akaanza. Hata wenye kunywa waliweka vikombe chini. Ilipoisha, Straton akasema: "Tena." Samy akarudilia. "Tena."

Mwishowe Samy akaiweka ile sauti mu telefone yetu, mu kikarte kidogo kama ukucha. Akaanza kueleza vile kikarte kinapita sidii mara mingi.

"Acha," Straton akamukata. "Sitaki tena kujua inabeba ngapi. Mutoto iko mule?"

"Iko, Papa."

"Cheza nisikie, mbele uende."

Akasikia mpaka mwisho. Asubuhi akasindikiza Léontine na sidii yake mpaka mutoni. Aliporudi alilala na viatu, saa sita za mchana. Nikamuvua viatu, nikafunga mulango, nikalala na mimi.