Kiti cha Nyuma Yangu

Kaka yangu alianza kujulikana kwa kuigiza mlevi. Kila Jumamosi televisheni ya hapa Bukavu ilimwonyesha akianguka mlangoni pa mke wake wa igizoni, na mtaa mzima ulicheka, ingawa nyumbani hakuonja hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akipita Nyawera, wenye moto, zile pikipiki za abiria, walimwita: "Papa mulevi, panda, lakini usianguke." Naye alipepesuka kidogo ili wafurahi.

Kisha akachoka kuchekesha. Aliazima kamera, akawa mwongozaji. Alisema hataki tena watu waigize, anataka wafanye tu. Filamu yake ya kwanza ilikuwa na kilio, na alikifanyia ndani ya lupango letu, uani, mbele ya mlango: shitingi, yaani turubai, juu, viti vya plastiki, meza yenye picha ya marehemu. Majirani walikuwa majirani. Mimi nilikuwa dada wa marehemu.

Alimpangia kila mtu kiti chake. Lakini yule ambaye angekuwa marehemu wa filamu hakuleta picha. Kaka akaingia nyumbani, akatoa yake, ile kubwa yenye fremu, akaiweka mezani.

Maman, mama yetu, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Mutu muzima hatumulilie," alisema.

"Maman, ni picha tu. Sasa hivi naiondoa."

Maman hakubaki kutazama. Kwetu hakuna anayekalia kilio cha mtu aliye hai. Nilijua hivyo, na nilikaa. Nilifunika kichwa kwa kitenge, nikalia. Mara ya kwanza kaka aliniambia ninalia kama mtu wa televisheni. Mara ya pili aliashiria nirudie. Mara ya tatu niliiangalia ile picha kabla ya kujifunika, na machozi yakaja yenyewe, mengi, mpaka nikasikia "Coupez", neno lake la kusimamisha kamera. Sauti ilitoka karibu sana, si kule kamera ilikokuwa. Sikugeuka.

Baada ya miezi michache homa ilimchukua kaka kwa siku tano, akafa.

Tulipofunga shitingi nilitafuta picha nyingine. Hatukuwa na nyingine kubwa. Majirani waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja akaketi palepale alipokuwa amepangiwa. Sidhani walikusudia. Mama mmoja aliniinamia akaniuliza polepole kamera iko wapi. Mwingine akasema, "Huyu ataamuka tu, munamujua," wawili wakacheka, kisha wakafunga midomo.

Kiti kimoja nyuma yangu kilibaki kitupu. Waliochelewa walikitazama, wakaenda kusimama kwenye ukuta. Niligeuka mara mbili, kwa sababu nilihisi mtu anapumua pale.

Na sikulia. Siku zote za kilio sikutoa chozi. Nilijifunika, nikasubiri lile neno. Shangazi zangu walinong'ona kwamba dada asiyelia ana jambo. Maman aliniangalia tu. Mimi niliogopa kitu kimoja: kwamba machozi yake nilishayamaliza akiwa hai.

Siku ya kuondoa kilio, rafiki yake aliyeshika kamera alikuja na kompyuta, akanionyesha ile filamu. Ilikuwa mchana, watu wakipanga viti juu ya viti. Nikajiona nimejifunika. Kisha kaka yangu akaingia ndani ya picha. Alitembea taratibu, akanyoosha fremu yake mezani, akaja kuketi nyuma yangu, kwenye kile kiti. Akainamisha kichwa kama wengine. Alikaa hivyo muda mrefu, akisikiliza ninavyomlilia. Halafu akainua uso, akasema, "Coupez."

Mtu mmoja alikuwa amekwisha kukinyanyua kile kiti. Nilimwomba akirudishe. Nikakaa mbele ya kiti, nikajifunika kitenge, na machozi yakaja. Maman alikuja kukaa chini karibu na mimi. Nililia mpaka shitingi ikafunguliwa juu yetu na jua likatupiga. Lile neno halikuja.