Papa Mkavu Katika Kikapu cha Paka

Mimi ni mtu wa ndani. Miaka ile ya sabini, nikirudi kutoka kiwandani nilivua viatu, nikakaa karibu na hita, na aliyetaka kuniona nje angoje kesho. Ndiyo maana mke wangu alicheka peke yake aliponikabidhi kazi ya kuitayarisha familia kukimbia.

Mtaa wetu wa Nechells, huku Uingereza, ulikuwa unachimbwa, mabomba ya gesi yanabadilishwa. Mke wangu, muuguzi, aliamua gesi ikivuja tutoke mara moja, kama hospitalini kwao: kila mtu na mkoba wake mlangoni, wenye pasipoti, dawa, tochi na soksi. Nikafunga minne. Wa mama mkwe haukunyanyuka. Kuufungua, nakuta mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama, moto unawaka, wewe utakuna nazi?"

"Na huko tutakakokimbilia utakula nini, mwanangu? Maana kula hujambo."

Mbuzi ikabaki.

Taabu ikawa paka. Binti yetu wa miaka saba, aliyesikia Kiswahili chote lakini akijibu Kiingereza, alitangaza kwamba paka asipotoka, yeye atarudi ndani kumfuata. Hapo mke wangu hakucheka. Alikwisha kumuuguza mtu aliyerudi ndani ya moto kuchukua koti.

"Huyo paka lazima atoke na sisi," akaniambia. "Mtoto akirudi, na mimi narudi."

Nikajaribu maziwa. Nikajaribu mkate. Nikambembeleza kwa Kiswahili cha shuleni. Paka akanitazama kama karani anavyomtazama mtu asiye na fomu. Mwisho nikaiba kipande cha papa mkavu ambaye mama mkwe alitumiwa kutoka Unguja, ameviringishwa katika magazeti matatu. Nikakitia chini ya blanketi la kikapu. Paka aliingia kabla sijatoa mkono. Kwa kujiona fundi, nikaongeza vipande viwili, kikapu nikakiweka mlangoni, pembeni mwa hita.

Siku ya tatu, Jumamosi mchana, mlango ulipigwa kwa ngumi. "Tokeni! Jirani amenusa gesi!"

Binti akanyakua kikapu, paka ndani anatafuna. Mama mkwe akaukokota mkoba wake. Mimi nikatoka na ndara. Mtaa mzima, wa kwanza kufika ng'ambo ya barabara tulikuwa sisi. Mke wangu alimshika mtoto bega kwa nguvu, lakini mtoto hakugeuza hata shingo.

Fundi wa gesi akanusa nyumba ya huyo jirani, bibi mmoja wa Kiingereza. Akanusa mlangoni kwetu. Kisha akavuka barabara, pua mbele, mpaka kwenye kikapu, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiki ni kitu gani?"

Nikaziangalia ndara zangu.

"Mwambie ni papa," mama mkwe akasema. "Na mwambie kaibiwa!"

Majirani wote wananitazama, wengine na vibano vya nywele kichwani. Nikamgeukia mke wangu, nikijua leo nimekwisha. Bado ameling'ang'ania bega la mtoto, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Usimtoe huyo papa," akasema. "Muongeze."

Jioni nilitumwa kwa jirani na sahani ya vitumbua kuomba radhi. Alivinusa kwanza.